Mume wangu dereva wa lori hataki safari yetu ya jangwani

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mtu wa Tanga, mume wangu ni wa Vwawa kule Mbozi. Tunaishi Dallas, Texas. Mimi nahudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee, zamu ya usiku. Baba Nuru anaendesha lori la masafa marefu, na njia yake kubwa ni I-40, ile inayokatisha Texas, New Mexico na Arizona kuelekea California. Tangu tuoane hatujapata likizo ya pamoja. Akirudi yeye, mimi ndiyo natoka. Tunakabidhiana mtoto mlangoni. Mwaka huu kazini kwangu na kwake wametukubalia wiki moja, wiki ile ile, mwezi wa nane, na wamesema tukitaka tunaweza kuisogeza hadi wa kumi. Nuru atabaki kwa mama yake mdogo, anaishi hapa hapa mjini.

Ninachokitamani siku zote ni kuzunguka jangwani kwa gari, mimi na yeye tu, tukilala kwenye zile moteli za zamani za Route 66, ile barabara kuu ya kale ya kwenda California. Wazee ninaowahudumia hunisimulia. Wengine walipita huko wakiwa maharusi. Nikaandika orodha: magari ya Cadillac yaliyofukiwa ardhini pale Amarillo, moteli ya taa za neoni Tucumcari, moteli ya Holbrook ambayo vyumba vyake ni mahema ya saruji, magogo yaliyogeuka mawe, shimo la kimondo, majabali ya Monument Valley, bonde la joto kali la Death Valley, kisha kurudi kupitia mchanga mweupe wa White Sands. Pesa nimeiweka mwenyewe kwa zamu za ziada.

Nilipomwonyesha akasema kuendesha gari ndiyo kazi yake, sasa likizo gani hiyo ya kumrudisha barabarani. Akasema kulala ndani ya hema la saruji ni mambo ya watoto, na sisi weusi, tusiojulikana, usiku katikati ya jangwa, likitokea la kutokea nani atatusaidia? Kama ni lazima twende, tupige gia moja kwa moja hadi California tuone bahari, tulale hoteli za kawaida, turudi. Halafu kuna nyumbani. Mama mkwe anatibiwa presha na sukari, tunamtumia kila mwezi. Tulipoweka picha ya gari jipya, wifi yangu aliandika kwenye kundi la ukoo: "Wenzetu mnaponda raha, sisi huku tunahesabu vidonge." Baba Nuru hajalisahau neno hilo.

Juzi tukanuniana kabisa. Akaniambia: "Wewe unataka kwenda na jangwa, siyo na mimi." Shangazi, limenikaa rohoni. Nifanyeje? Niende na mdogo wangu nimwache apumzike nyumbani? Na tukienda, nifiche picha?

Mama Nuru, Dallas

Marahaba, mwanangu.

Tuanze na hilo neno lililokukaa rohoni, maana mumeo amekueleza jambo zito kwa maneno machache. Nimeisoma barua yako yote nikitafuta mahali ulipomuuliza yeye angependa kusimama wapi. Sikupaona. Umeorodhesha sehemu nane, lakini kiti cha dereva umempa yeye bila kumuuliza, kwa sababu ndiye mzoefu. Sheria ya Marekani inamruhusu dereva wa lori kuendesha saa 11 kwa siku, kisha apumzike saa 10, na kifaa kilichofungwa kwenye lori kinamhesabia kila dakika. Mtu anayeishi hivyo mwaka mzima akiona orodha yenye Amarillo mpaka Death Valley na kurudi ndani ya siku saba, anachokiona ni mzigo mwingine wa kufikisha. Hata hilo wazo lake la kukimbilia California moja kwa moja usilichukie. Ndivyo anavyoijua barabara: unaondoka, unafika, unashusha.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalokushauri ni kushika usukani wewe. Leseni najua unayo, Texas mtu haendi kazini bila gari. Mwambie Baba Nuru wiki hiyo yeye ni utingo: akae kiti cha abiria, achague muziki, amenye machungwa, alale akitaka kulala. Asikupokee mpaka useme mwenyewe umechoka. Nakuhakikishia maongezi yatabadilika. Mwanaume aliyezoea kutazama barabara tu akipewa dirisha la pembeni, ndipo ataanza kuuliza kile kilima ni cha nini.

Na hapa kuna kitu nataka umwonyeshe kwenye ramani kabla hujasema lolote zaidi. Ile I-40 yake inapita katikati ya hifadhi ya taifa ya Petrified Forest, maili 25 hivi mashariki ya Holbrook. Mumeo ameshaikatisha hifadhi hiyo, pengine gizani, akiwaza kituo cha mafuta kinachofuata. Upande wa kaskazini wa barabara kuna jangwa lenye matabaka ya wekundu, zambarau na kijivu, linaloitwa Painted Desert. Upande wa kusini yamelala magogo ya miti iliyoanguka zaidi ya miaka milioni 200 iliyopita. Yalifukiwa na tope la mito na majivu ya volkano, maji yenye madini ya silika yakapenya ndani, na polepole mti ukawa jiwe. Ukiinama karibu unaona ganda la mti kama lilivyokuwa, lakini palipokatika panang'aa rangi ya damu ya mzee, manjano na weupe wa chumvi. Gogo zima limegawanyika vipande vilivyonyooka, utadhani mtu kapita na msumeno, kumbe ni jiwe limepasuka lenyewe ardhi ilipoinuka. Msiokote hata chembe yake, ni kosa la jinai. Kuna watu wamerudisha vipande kwa posta baada ya miaka mingi, na barua za kuomba radhi, wakiamini viliwaletea mikosi. Askari wa hifadhi wanavirundika pembeni ya njia kwa sababu hawajui vilitolewa wapi.

Barabara ya ndani ni maili 28. Wengi huipita kwa saa moja na kuondoka. Ninyi ipeni siku nzima, mkijua tu kwamba mageti hufungwa jioni. Pale ndani kuna gari bovu la Studebaker la mwaka 1932, limewekwa mahali Route 66 ilipopita. Nguzo za simu za zamani bado zimesimama kwa mstari, na nyuma yake malori ya I-40 yanapita. Msimamishe Baba Nuru hapo. Huyo ni mtu wa barabara, hatahitaji maelezo ya mtu.

Sasa hiyo habari ya mahema ya saruji kuwa mambo ya watoto. Mpe historia yake, nadhani itamgusa. Route 66 ilianzishwa mwaka 1926, kutoka Chicago hadi Los Angeles, baadaye ikafika Santa Monica, na familia nyingi zilijenga maisha yao kwa kumtegemea msafiri aliyechoka. Kila mmoja alitafuta namna ya kumfanya dereva asimame kwake asisimame kwa jirani. Chester Lewis wa Holbrook aliona mahema ya namna hiyo Kentucky, yaliyobuniwa na Frank Redford, akayapenda. Wakakubaliana malipo ya ajabu: Lewis ataweka redio za kutumbukiza sarafu vyumbani, senti 10 kwa nusu saa, na hizo senti zinakwenda kwa Redford. Mwaka 1950 akafungua. Barabara kuu ilipohamishwa ikaupita mji pembeni, biashara ikafa, akafunga mwaka 1974. Watoto wake ndio waliofungua tena mwaka 1988. Yapo mahema 15, ndani kuna vitanda na meza za magogo zilezile za zamani, ukuta unakuinamia ukiwa bafuni, na nje yameegeshwa magari ya zama hizo. Hiyo ni familia iliyong'ang'ania biashara ya baba yao. Mtu wa Mbozi aliyekulia kwenye njia ya malori ya Tunduma anajua barabara ikihama mji unabaki na nini.

Na Tucumcari ndiyo usikose. Ile moteli ya neoni, Blue Swallow, ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1930, na kila chumba kina banda lake la gari ubavuni. Mwaka 1958 Floyd Redman alimnunulia Lillian, aliyekuwa mchumba wake, iwe zawadi ya uchumba. Wakaiendesha pamoja, na Floyd alipofariki Lillian akaendelea peke yake hadi 1998. Msafiri asiye na hela ya kutosha walimpokea kwa kitu alichonacho, au wakamlaza bure. Wageni alikuwa akiwapa kadi yenye maneno ya kuwabariki safarini. Mimi nikisoma habari za ndoa za watu, hiyo ni mojawapo ninayoipenda: walipewa jengo kandokando ya barabara, wakalifanya maisha.

Lakini mahema yale ya Holbrook yasiwape picha isiyo sahihi kuhusu wenyeji. Mahema ya namna hiyo ni ya wenyeji wa asili wa mbuga za katikati ya Marekani, si ya Wanavajo, kabila la wenyeji wa asili ambao ndio wenye nchi hiyo ya kaskazini mwa Arizona. Nyumba ya jadi ya Mnavajo inaitwa hogan. Hujengwa kwa magogo na udongo, ya duara au ya pembe nane, na mlango wake hutazama mashariki jua linapochomoza. Karibu na Monument Valley ziko familia zinazokodisha hogan kwa wageni. Kama unataka malazi ya pekee, usiku mmoja humo ninauweka juu ya taa zote za neoni. Msitarajie bomba wala feni. Ni nchi yenye serikali yake: kiingilio cha Monument Valley unawalipa wao, kadi ya hifadhi za taifa haitumiki, pombe hairuhusiwi, na mtu hapigwi picha bila kuombwa. Pia simu zenu zitawachanganya. Mkitoka Dallas mkaingia New Mexico mnarudisha saa moja nyuma, Arizona mwezi wa kumi mnarudisha nyingine, halafu mkiingia kwa Wanavajo mnaipeleka mbele tena, kwa sababu wao husogeza saa mbele majira ya kiangazi na Arizona nyingine haisogezi. Ukiwa na miadi na mwenye nyumba, muulize ni saa za wapi.

Orodha yako ipunguze. Death Valley iondoe kabisa. Ni mbali, itakula siku mbili za kwenda tu, na mwezi wa nane si mahali pa kupeleka mtu unayempenda. Pale ndipo kulipoandikwa nyuzi 56.7 mwaka 1913, na hata usiku joto halishuki sana. White Sands nayo iacheni kwa mwaka mwingine, iko kusini, njia nyingine kabisa. Na hiyo wiki isogezeni mwezi wa kumi kama waajiri walivyoruhusu. Mwezi wa nane Arizona ina mvua zake, zinaendelea hadi mwisho wa Septemba, na makorongo makavu hujaa maji ghafla hata kama mvua imenyesha mbali na mlipo. Mwezi wa kumi mchana ni mzuri, usiku ni baridi kweli. Baba Nuru hatashtuka, ni mtu wa nyanda za juu; wewe wa Tanga beba koti. Maji wekeni lita nne kwa mtu kwa siku kwenye gari, hata kama hamwoni haja. Huko kuna vipande virefu visivyo na duka wala mtandao wa simu, na mafuta mnajaza yakifika nusu, si taa ikiwaka.

Mkishafanya hivyo safari inapumua. Siku ya kwanza mnatoka Dallas mapema, mnasimama kwenye Cadillac zenu kumi pale Amarillo, zimezikwa pua chini tangu 1974 na kila anayepita anazipulizia rangi, mnalala Tucumcari. Ya pili mnafika Holbrook. Hapo laleni siku mbili, nasisitiza, mbili, ili kuwe na asubuhi moja ambayo hakuna anayefunga begi. Kisha shimo la kimondo, zaidi kidogo ya maili 50 kwa magharibi. Hili ndilo la mumeo. Mtoto yeyote wa Mbozi anakijua kile Kimondo cha tani zipatazo 16, karibu chote chuma, kilichotua bila kuacha shimo linaloonekana. Cha Arizona kilianguka miaka 50,000 hivi iliyopita, nacho kilikuwa cha chuma, kikachimba shimo la mita 1,200 kwa upana na kina cha mita 170. Mpeleke akasimame ukingoni akueleze wewe. Baada ya hapo Monument Valley, hogan, kisha mnarudi kupitia Albuquerque kwa siku mbili. Ile siku iliyobaki usiipangie kitu. Mwachie yeye aichague, na akichagua kulala hoteli ya kawaida mpaka saa nne asubuhi, laleni.

Hofu yake ya usiku naiheshimu, na wewe iheshimu. Hakuitunga. Kuanzia mwaka 1936 tarishi mmoja wa New York, Victor Hugo Green, alichapisha kitabu cha kuorodhesha hoteli, migahawa na vituo vya mafuta vilivyokubali kumhudumia mtu mweusi, kwa sababu milango mingi ya barabara hizi ilifungwa kwao, na iko miji iliyokataa waonekane jua likishazama. Wale wazee wanaokusimulia fungate yao ya Route 66, wengi wao hawakuyakuta hayo. Sheria ya 1964 ilipiga marufuku ubaguzi huo hotelini. Mumeo analala ndani ya lori akiwa peke yake, ana sababu zake za kutazama kioo cha nyuma. Basi panga safari inayomjibu: kila siku mfike kabla ya magharibi. Pigeni simu moteli mapema mzungumze na mwenye ufunguo, maana sehemu hizi ndogo anayepokea simu ndiye utakayemkuta mlangoni, na sauti yake itawaambia mengi. Mdogo wako awe na ratiba yenu na majina ya mnapolala. Kadi zenu za ukaazi mtembee nazo zenyewe, si picha kwenye simu. Ni takwa la sheria kwa mkaazi wa kudumu. Usimwambie "acha woga." Mwambie "nimeshapanga hivi," halafu mwonyeshe.

Wifi yako na kundi la ukoo. Sikushauri ufiche, kwa sababu anayeficha huishi akijitetea. Ila mpangilio una maana. Pesa ya dawa ya mama itangulie, nzima, kabla hamjajaza mafuta, na Baba Nuru ampigie mama yake kwa sauti yake amwambie: mama, tumepata wiki, natoka na mke wangu kidogo. Mama akisharidhia, wengine watasema watakavyosema. Picha zipelekeni kwa mama kwanza, mbili tatu, ile ya kimondo iwemo, naye akitaka kuzionyesha kundini atazionyesha mwenyewe. Ninyi msirushe moja moja kila saa mkiwa njiani. Nadhani pia neno la wifi lilimuuma mumeo kwa sababu kuna sehemu ya moyo wake inayokubaliana nalo. Muulize kwa upole kama ndivyo, na umsikilize bila kumkatiza. Mtu anayetuma kila mwezi bila kukosa ana haki ya wiki moja, lakini hilo linabidi alisikie kwa mtu asiyekuwa na faida nayo. Mama yake ndiye wa kulisema.

Kwenda na mdogo wako, hapana. Si kwa sababu ni kosa. Ni kwa sababu huyo uliyemsubiri miaka yote ya kukabidhiana mtoto mlangoni ni Baba Nuru, na ameshakuambia anaogopa kwamba humtafuti yeye. Ukiondoka bila yeye utakuwa umemjibu.

Akirudi safari hii usimkimbilie na ramani. Mwache alale, ale, amwone mtoto. Kisha kaa naye uanze na ombi la radhi dogo: "Nilipanga bila wewe." Mwulize barabarani huwa anapita wapi akatamani kusimama lakini saa hazimruhusu. Lazima papo. Hapo ndipo pa kuanzia orodha mpya, hata kama pataondoa kitu ulichokipenda. Mkikubaliana, pigeni simu Holbrook siku hiyohiyo, maana mahema ni 15 tu na Oktoba wasafiri ni wengi. Kama mwisho wa wiki umejaa, ombeni Jumanne.

Shangazi